Kipando Kwanza, Pambo Lifuate

Mawaidha kwa anayetaka kufufua gari kuukuu la kuchukulia aila

Msomaji mpenzi, wiki hii sitakuletea habari za taarabu wala za misikiti ya kale. Nataka tuzungumze habari za gari, tena gari kuukuu, na ninakuomba usicheke mpaka umalize kusoma. Maana jambo hili limewatia watu wengi hasarani hapa pwani, na mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Ijumaa moja baada ya sala ya Alasiri, nikiwa nimeketi barazani na kikombe changu cha kahawa chungu, walinijia watoto watatu wa marehemu rafiki yangu: wanaume wawili na dada yao aliye katikati. Wakaniamkia, "Shikamoo, ami." Nikawaitikia marahaba, nikawakaribisha mkekani. Nikawatazama nyuso, nikajua wana neno zito.

Baba yao, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa Peugeot za abiria zilizokuwa zikienda Malindi. Amefariki yapata miaka mitatu sasa. Mirathi imegawanywa kwa sharia, kiwanja kimeuzwa, kila mtu amepata fungu lake. Sasa watoto hawa wamekubaliana kila mmoja atoe kiasi sawa wanunue gari la zamani, walitengeneze liwe jipya, wamchukulie mama yao kwenda Takaungu kuwatazama jamaa na kuzuru makaburi. Nikamtazama yule binti. Fungu lake la mirathi ni nusu ya la ndugu zake, na bado ametoa sawa nao. Hapo nikajua kwamba fedha hizi si za kuchezea.

Shida yao ilikuwa moja. Mkubwa alitaka Land Rover. Mdogo, ambaye ni fundi wa kuchomelea katika gereji, alitaka Kombi. Binti alitaka Peugeot kama ya babake. Wakanyamaza kidogo, kisha mkubwa akasema: "Ami, tumekuja utuamue."

Nikawauliza swali ambalo hata wewe msomaji waweza kuuliza: kwa nini msinunue Toyota Noah iliyotumika, mkaondoka nayo siku hiyo hiyo? Binti ndiye aliyenijibu. "Noah tutapanda siku yoyote, ami. Twataka gari ambalo mama akilisikia linaunguruma nje atamkumbuka baba."

Sikuwa na la kujibu. Nikakubali kufuatana nao.

AYA NILIYOISOMA UTOTONI

Sisi tuliosoma chuoni tukiwa wadogo, tukikaa mkekani na mbao zetu mapajani, twaikumbuka Sura ya Nahl. Humo wametajwa farasi, nyumbu na punda, kwamba wameumbwa ili wapandwe na wawe pambo. Mwalimu wetu alikuwa akituonyesha mpango huo: kupandwa kumetangulia, pambo likafuata. Na kipando kisichopandika, hata kikipambwa vipi, kimepungukiwa na jambo lake la kwanza.

Mimi somo hilo nililihifadhi kwa ulimi, nikalisahau kwa vitendo. Miaka ishirini na kitu iliyopita nilimwona mtu anauza Peugeot 404 ya rangi ya samawati, imeng'arishwa hata unajiona uso wako mlangoni. Viti vyake vilikuwa vya ngozi nyekundu. Sikulala chini kutazama uvungu, kwa kuwa nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe. Nikalipa. Mwezi wa tatu fundi akaliinua kwa jeki, na jeki ikapenya sakafuni kama kidole katika andazi. Gari zima lilikuwa limeshikiliwa na rangi na lipu. Lilikaa chini ya mwembe wangu miaka sita, kuku wakatagia humo, mwisho nikaliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo. Karo ya muhula mmoja ya wanangu iliondoka na kanzu ile niliyokuwa nikiihifadhi isichafuke.

Kwa hivyo nikawaambia wale watoto: twendeni, lakini kila mtu avae nguo ya kazi.

GARI LILILOLEA PWANI

Kabla ya kwenda mbali, nataka vijana wafahamu kwa nini gari la aina hii, lile refu lenye mlango nyuma ambalo tuliliita stesheni wagoni, lina heshima kwetu.

Peugeot 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Si muda mrefu ikafuatwa na ndugu yake ndefu yenye safu 3 za viti, iliyokusudiwa hasa kwa watu wa nyumba moja. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka ule wa 1963, na vile vile 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Watu wakaona kwa macho yao gari linalopita matope ambayo mengine yamezama, na siku ya pili wakalitaka lao.

Kisha mwaka 1968 ikazaliwa 504. Nayo ikashinda Safari mwaka 1975 na 1978. Ile ndefu ya 504 ilitoka mwaka 1971. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ina mita 2.90, ilhali ile fupi ina mita 2.74, na nyuma ina mhimili mzito wenye springi 4 za mviringo. Ndiyo maana ilibeba watu, magunia ya nazi, matenga ya samaki na kitanda cha biarusi juu yake bila kukaa kitako. Na hapa Mombasa kiwanda cha AVA kilipoanza kuunganisha magari mwaka 1977, Peugeot nazo zikawa miongoni mwa magari yaliyoundwa kwa mikono ya vijana wetu.

Wazee wanazikumbuka zilivyokuwa zikipanga mstari kungoja feri ya Kilifi, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Dereva anashuka, anafungua boneti, anaipa injini maji. Abiria wananunua korosho na mihogo ya kukaanga. Watu waliita gari hilo "Pijo", na dereva wake alikuwa mtu wa kusalimiwa mtaa mzima. Baba wa watoto hawa alikuwa mmoja wao.

ADUI NI CHUMVI

Bara, adui wa gari kuukuu ni mashimo ya barabara. Kwetu pwani, adui ni chumvi. Upepo wa bahari huibeba, unyevunyevu huikalisha chumani, na joto humaliza kazi. Kutu haianzi pale unapoona. Huanza ndani ya vizingiti vya milango, chini ya mikeka ya sakafu, kwenye kona ambapo mchanga na maji hukaa pamoja baada ya mvua. Ikifika nje ukaiona kama chunusi juu ya rangi, ujue ndani kumekwisha kuwa pango.

Basi tulichukua vifaa vinne tu: gunia la kulalia, tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa isikwaruze rangi, na bisibisi kuukuu. Sumaku ndiyo shahidi mwadilifu. Pitisha polepole juu ya bati, hasa sehemu za chini za milango na juu ya magurudumu. Ikinata, pana chuma. Ikianguka, pale chuma kimeondoka na mahali pake pamewekwa lipu ya kuzibia. Bisibisi nayo ni ya uvunguni: gusa kwa nguvu kiasi, kwa idhini ya mwenye gari. Chuma kizima hulia; kilichooza hunyamaza na kumeguka.

Jambo jingine nililowaambia ni hili: msitafute mjini peke yake. Gari lililokaa miaka thelathini Voi, ambako hewa ni kavu, mara nyingi lina bati bora kuliko lililoegeshwa miaka kumi karibu na ufuo wa bahari. Kwenda Voi na kurudi ni siku nzima, lakini siku moja ni rahisi kuliko miaka sita chini ya mwembe.

LAND ROVER YA MKUBWA

Tulianza na chaguo la kaka mkubwa, kwa kumpa haki yake. Ilikuwa Land Rover ndefu, ile ya inchi 109 ya Series III, aina iliyoundwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Ilikuwa uani kwa mzee mmoja njia ya Kilifi.

Land Rover ina sifa ambayo mtu wa pwani huipenda. Ilipobuniwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma cha pua baada ya vita, na bodi yake ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Alumini haipati kutu nyekundu. Kwa sababu hiyo wengi hudhani Land Rover haiozi kabisa. Hilo ni kosa. Chini ya bodi ile kuna chesi ya chuma, na ukuta ule unaotenga injini na abiria pia ni chuma. Isitoshe, pale alumini inapogusana na chuma na maji ya chumvi yakaingia kati, madini hayo mawili hulana, alumini ikageuka unga mweupe. Sumaku haikusaidii kwenye bodi ya Land Rover, kwa kuwa alumini haishikwi na sumaku. Ipeleke kwenye chesi na ukuta ule.

Tulipolala chini tukaona chesi nzima isipokuwa sehemu ya nyuma kabisa, ambayo hununuliwa au huundwa upya na kuchomelewa. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 ni ya kimwinyi: haina haraka, haina mambo mengi, na makanika yeyote aliyezeeka kazini anaijua. Hunywa mafuta kwa pupa, lakini hilo lavumilika kwa gari la siku za Idi.

Kaka mkubwa alikuwa amekwisha kutabasamu. Nikamwambia afungue mlango wa nyuma. Ndani, viti vya nyuma vilikuwa mabenchi mawili yanayotazamana, ubavu kwa ubavu na njia. Nikamwuliza: "Wanao watakaa hapa?" Akasema, "Ndiyo, ami." Nikamwuliza: "Ukikanyaga breki ghafla Mtwapa, wataangukia wapi?" Akanyamaza. Benchi la pembeni halina pa kufunga mkanda wa maana, na mtoto hurushwa kwa ubavu. Na breki za Land Rover za zama hizo ni za drami magurudumu yote 4. Zilitosha kwa mwendo wa shamba, lakini barabara ya Malindi ya leo ina malori na matatu yasiyosubiri mtu.

KOMBI YA MDOGO

Siku ya pili tukaenda kutazama Kombi ya mdogo wao. Volkswagen hii ilianza kuundwa Ujerumani mwaka 1950. Ile tuliyoiona ilikuwa ya umbo la pili, lililotoka mwaka 1967 na kudumu huko hadi 1979. Hakuna gari linalochukua watoto wengi kwa furaha kama Kombi. Ndani ni chumba. Sakafu iko chini, mlango wa pembeni ni mpana, na madirisha ni mengi. Injini iko nyuma, hupozwa kwa upepo, kwa hiyo haina radieta ya kuvuja wala haina maji ya kuchemka kwenye mlima wa Mazeras.

Lakini kila neema ina mtihani wake. Kombi haina chesi ya kujitenga. Bodi na mbavu zilizochomelewa chini yake ndizo zinazobeba kila kitu. Vizingiti vikioza, gari limevunjika mgongo hata kama linatembea. Tulipopitisha sumaku chini ya mlango wa pembeni, ikaanguka mara nne. Chini ya kioo cha mbele rangi ilikuwa imevimba. Fundi wetu mdogo, ambaye kuchomelea ndiyo kazi yake, akahesabu kwa vidole mabati ya kukata na kuunda upya, akafika tisa, akaacha kuhesabu.

Kuna na hatari nyingine ambayo kila mwenye Kombi aijue: mipira inayopeleka petroli kwenye injini. Ikizeeka hupasuka na kudondosha petroli juu ya injini yenye moto. Mipira hiyo haigharimu fedha nyingi, na ndiyo ya kwanza kubadilishwa kabla hata ya kuliendesha gari kurudi nalo nyumbani. Tena dereva wa Kombi hukaa juu ya magurudumu ya mbele, na mbele ya magoti yake pana bati tu. Mimi simkatazi mtu Kombi. Ninasema tu ajue anachonunua.

Mdogo mwenyewe ndiye aliyesema, bila mtu kumwambia: "Hii ni kazi ya miaka miwili, na fedha zetu ni za mwaka mmoja." Nilifurahi kusikia hayo. Fundi anayejua kiasi cha kazi ni bora kuliko fundi anayejua kazi tu.

Na msomaji asiniulize kwa nini hatukutazama lori la Bedford ambalo jirani mmoja alitushauri. Bedford ni la mizigo. Hata likitiwa viti, mgongo wa mama mzee utalilipia kila tuta. Land Cruiser za zamani zenye umbo la wagoni nazo ni imara kwa injini, lakini mabati yake huliwa na kutu upesi mno, na tulizoziona hapa mjini zilikuwa zimekwisha kuwa ungo.

PEUGEOT YA BINTI

Peugeot ya binti tuliipata Voi. Ilikuwa 504 ndefu, rangi yake imepauka hata huwezi kujua ilikuwa nyeupe au maziwa. Kiti kimoja kilikuwa kimeliwa na panya. Taa moja haikuwapo. Kaka mkubwa alipoiona aliniangalia kama mtu aliyeitwa karamuni akakuta sufuria tupu.

Nikatandika gunia nikalala. Peugeot hii pia haina chesi ya kujitenga; bodi ndiyo mifupa yake. Kwa hiyo kuna mahali pane pa kutazama. Kwanza, fungua boneti utazame pale juu springi za mbele zinapoegemea, kulia na kushoto. Pakioza hapo, ondoka. Pili, vizingiti vya milango, kutoka mbele hadi nyuma. Tatu, mahali pa kutilia jeki. Nne, tundu la tairi la akiba na sakafu ya nyuma, ambako maji ya mvua hulala. Tulitumia saa nzima. Bisibisi ililia kila mahali isipokuwa kona moja ya sakafu nyuma, na mdogo akasema hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Injini ilikuwa imekaa bila kuwashwa. Hilo halikunitisha sana, kwa sababu mitungi ya injini ya petroli ya 504, ile ambamo pistoni hupanda na kushuka, si sehemu moja na chuma cha injini. Huchopolewa, ikatiwa mipya pamoja na pistoni zake, bila kupeleka injini kuchongwa. Mbele ina breki za diski. Ndani, safu 3 za viti zote zinatazama mbele: watu 7 kwa utulivu. Mama mmoja, wajukuu watano, na dereva. Nikahesabu mara mbili.

Nataka kusisitiza jambo la viti na mikanda, maana hapa ndipo neno "gari la aila" linapopata maana. Tangu zile kanuni zilizoitwa za Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004, sote tumezoea kufunga mikanda katika matatu. Gari la zamani mara nyingi halina mikanda nyuma. Itiwe, lakini isifungwe kwenye bati jembamba kwa nati mbili. Ni lazima fundi atafute mahali imara, aweke bamba la chuma nyuma ya bati, ndipo afunge bolti. Mkanda uliofungwa kwenye bati bovu ni sawa na kumfunga mtoto kwa uzi.

KARATASI NA UAMINIFU

Kabla ya kutoa hata shilingi, tulitazama karatasi. Sharia yetu inakataza biashara ya kitu kisichojulikana, kama kumuuzia mtu samaki aliye bado majini. Gari lisilokuwa na kitabu cha umiliki ni samaki wa majini. Linganisha namba ya chesi na ya injini na zile zilizoandikwa. Angalia rekodi za NTSA ujue mwenye gari ni nani na kama lina deni. Kama mwenyewe amefariki, warithi wote wakubali, si mmoja wao tu. Nimeona watu waliotengeneza gari kwa mwaka mzima, kisha akatokea ndugu wa marehemu na kusema hakuuza.

Na msitumaini kuagiza gari la zamani kutoka nje kwa urahisi. Kanuni ya Kenya kwa kawaida haikubali gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini. Yaliyomo humu ndiyo yaliyomo. Ndiyo sababu kila moja linaloyeyushwa kuwa chuma chakavu ni hasara isiyorudi.

Muuzaji wa Voi alikuwa mtu wa haki. Alituonyesha mwenyewe ile kona iliyooza kabla hatujaifikia, akasema giaboksi hulia gia ya pili. Muuzaji anayekuambia aibu ya bidhaa yake amekwisha kukupunguzia bei, hata kama hajashusha senti. Wala msikope kwa riba mkidhani mtalipa gari likiisha. Gari la kufufuliwa haliishi kwa tarehe. Riba hufika kwa tarehe.

ALIYEAMUA

Watasema mimi ndiye niliyeamua. La, hasha. Tulikuwa bado tumegawanyika. Kaka mkubwa alikuwa angali na Land Rover moyoni. Ndipo nikasema: "Mnamnunulia nani?" Wakasema mama. Nikasema: "Basi mama aje."

Jumapili yake tulimchukua shemeji yangu hadi ile njia ya Kilifi. Alishuka kwenye teksi, akaisogelea Land Rover, akainua mguu. Goti lilikataa. Akajaribu mguu wa pili. Ngazi ya gari lile iko juu, na shemeji ana maradhi ya magoti. Hakulalamika. Alitabasamu, akamwambia mwanawe mkubwa: "Gari zuri, mwanangu. Nipeni kigoda niwe natembea nacho."

Kijana aliinamisha kichwa. Hakuna aliyesema neno mpaka tukarudi mjini.

Peugeot ilipoletwa kutoka Voi juu ya lori na kuteremshwa gereji, mama aliletwa tena. Mlango ulifunguliwa kwa kelele. Aligeuka, akaketi kwanza, kisha akaingiza miguu, kama alivyokuwa akifanya miaka thelathini nyuma. Akashika kile kishikio kilicho juu ya mlango. Akakaa hapo, panya walikuwa wamekula kiti cha nyuma yake, vumbi limejaa, taa moja haipo. Akasema, "Baba yenu alikuwa hapendi mtu kubamiza mlango." Binti yake akatoka nje akajifanya anatafuta kitu mkobani.

KAZI INAVYOENDELEA

Nikiandika haya, gari bado liko gereji, na halina hata tone la rangi mpya. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana. Fedha zimegawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la yale yanayookoa roho: breki zote, mipira yake, usukani, matairi, mikanda, na nyaya za umeme ambazo zikizeeka huwasha moto. Fungu la pili ni la mwendo: kuchomelea ile kona, injini, radieta, giaboksi. Fungu la tatu limewekwa kando halishikwi, kwa kuwa gari kuukuu kila ukifungua bolti moja hukuonyesha jingine lililovunjika. Litakalosalia humo ndilo la rangi na viti.

Kaka mkubwa ndiye anayeandika daftari la matumizi. Mdogo anachomelea jioni baada ya kazi zake. Binti ndiye anayetafuta vipuri, na wauza vipuri wa mjini wamekwisha kumjua. Hawamdanganyi tena, maana hubeba kile kibovu mkononi akalinganisha mwenyewe. Wiki iliyopita injini iliwashwa kwa mara ya kwanza. Iliunguruma kwa dakika mbili hivi, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Fundi mdogo alicheka kama aliyepata mtoto. Mama hakuwapo, lakini wameniambia walimpigia simu wakaiweka karibu na boneti asikie.

Basi, msomaji, ukitaka kufufua gari la aila yako, chukua haya machache. Jua kwanza ni nani atakayepanda, na umlete apande kabla hujalipa. Lala chini. Nunua mifupa mizima yenye sura mbaya, uache sura nzuri yenye mifupa iliyooza. Chagua kazi ambayo fedha zako na fundi wako wanaweza kuimaliza. Na ukivaa kanzu nyeupe siku hiyo, ivue.

Namalizia kwa beti mbili, kama ilivyo desturi yangu:

Gari kabla kununua, lala chini uchungue,
Kutu hupenda kukua, ndani usiigundue,
Rangi ni kama maua, hunyauka utambue,
Kipando kwanza chagua, na pambo lifuatie.

Kwanza mpandishe mama, na wana wakae ndani,
Breki ziwe ni salama, na mikanda viunoni,
Chini kukiwa ni kwema, rangi yangoja foleni,
Kipando kwanza chagua, na pambo lifuatie.